Hogo limetolewa wiki nane zilizopita, mfupa "umeunga", mbona mkono haurudi?

#1 Fundi_Sindano
Wakuu, salamu. Mimi ni fundi cherehani, mkono wa kulia ndiyo ofisi yangu. Mwezi wa nne, mvua za masika zikiwa zimechachamaa, niliteleza kwenye ngazi za nyumba ninayopanga nikaangukia kiganja. Kifundo kikavunjika, ule mfupa mkubwa wa upande wa dole gumba. Hospitali wakapiga picha, wakanichoma ganzi, wakauvuta, wakanifunga hogo. Wiki sita. Siku ya kufunguliwa daktari akaangalia picha, akasema mfupa umeunga vizuri, nenda nyumbani mama. Hayo ndiyo maelezo yote niliyoondoka nayo.

Leo ni wiki ya nane tangu nifunguliwe. Ngumi haifumbiki. Vidole vinaishia njiani, kati ya ncha zake na kiganja unapitisha vidole viwili vya mkono mwingine. Mkasi wa kukatia kitambaa naufungua kwa mkono wa kushoto kwanza, ndipo naupachika kulia. Jioni mkono unavimba. Na kinachoniuma zaidi, kiganja hakigeuki kikatazama juu. Juzi konda kanipa chenji, nimekinga mkono, kiganja kimeinamia ubavuni, sarafu zote zikateremka chini ya siti. Watu wakacheka, nami nikacheka, nikashuka kituo kimoja kabla.

Swali langu: mfupa ukishaunga, kilichobaki ni nini? Na kuna aliyerudi kawaida baada ya muda kama huu?

#2 Kijiti
Pole sana fundi. Ngoja wajuzi waje.

#3 Sauti ya Kijiwe
Uzi bila picha ya X-ray haujakamilika. Halafu fundi, hela siku hizi hazishikiki hata kwa sisi wenye mikono mizima.

#4 Bodaboda 77
Mimi nilivunjika palepale, nikatoka na hogo wiki sita, wiki ya saba nipo barabarani napiga mafuta kama kawaida. Shida yenu mnauonea mkono huruma. Unatakiwa kuulazimisha. Shika mkono mbovu kwa mzima, kunja mpaka usikie "kacha".

#5 Nesi wa Zamani
#4 tafadhali usiwape watu maelekezo ya "kacha". Mfupa wa wiki nane umeunga, ndiyo, lakini kano na maungio yaliyolala wiki sita hayafunguliwi kwa nguvu za ghafla. Ukilazimisha, unavimba, unaumia, kesho unaogopa kuugusa, na hapo umepoteza wiki nzima. Na kijana wa miaka ishirini na kitu si sawa na mama wa hamsini.

Fundi, naomba majibu matatu. Una umri gani? Ulipokuwa na hogo, vidole ulikuwa unavichezesha? Na mkono ulikuwa ukiubeba vipi?

#6 Fundi_Sindano
Asante nesi. Nina miaka 53. Vidole sikuvichezesha, niliogopa mfupa utasogea. Mkono ulikuwa kwenye kitambaa shingoni, unaning'inia hapa usawa wa tumbo, mchana kutwa.

#7 Nesi wa Zamani
Nilidhani hivyo. Hogo linafunga kifundo, halifungi vidole. Vidole vinatakiwa kufumbwa na kufumbuliwa tangu siku ya kwanza, na bega na kiwiko vizungushwe. Mkono uwe juu ya usawa wa moyo, usiku juu ya mto. Ukining'inia chini, maji ya uvimbe yanatuama kwenye vidole, na yakituama muda mrefu yanageuka kama gundi. Hilo ndilo jibu la swali lako, mfupa umeunga na vingine vyote vimegandana. Nilifanya wodi ya mifupa miaka 19, na wagonjwa tuliokuwa tunasahau kuwaambia hivi ni wengi kuliko tuliowaambia. Nakiri.

#8 Mwana wa Pwani
Hapo mnachanganya watu. Kiwiko si ndiyo hicho kilichovunjika? Shuleni tulifundishwa kiwiko cha mkono ni hapa penye saa, na kiwiko cha mguu ni kule chini. Huku juu panapokunjika ni kisugudi.

#9 Tiba_Viungo
Kiwiko tukiache kidogo. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, mikono kama hii naiona kila wiki. Nesi yuko sahihi lakini hajamaliza.

Kila mmoja wenu ajaribu hapo alipo. Kunja kifundo chako kuelekea chini kabisa, kiganja kielekee kwenye kigasha, kisha ufumbe ngumi kwa nguvu. Haifumbiki vizuri, sivyo? Sasa inua kifundo kirudi nyuma kidogo, ufumbe tena. Umeona tofauti? Mkono ni uleule, misuli ni ileile. Kano zinazofumba vidole zinapita kifundoni, na kifundo kikiinama zinalegea kama kamba ya upinde uliokatika. Fundi akitoka kwenye hogo kifundo kimeganda katika mkao wa kuinama, hata akikamua sponji mchana kutwa ngumi haitakuja. Aanze na kifundo kurudi nyuma.

Weka kiganja mezani, kibaki palepale, peleka kigasha mbele juu ya mkono pole pole mpaka usikie mvuto, hesabu hadi thelathini. Au viganja viwili viwekwe pamoja kifuani, halafu shusha viganja huku visugudi (haya Mwana wa Pwani, umefurahi?) vikipanuka. Mara tano, sita kwa siku, dakika chache chache. Maji ya uvuguvugu kabla. Mvuto unaoisha ukiachia ni sawa. Maumivu yanayolala nawe mpaka asubuhi, umezidisha.

Kugeuza kiganja juu ni habari nyingine. Mifupa ya kigasha ni miwili, na wa upande wa dole gumba huuzunguka mwenzake. Bana kisugudi ubavuni, shika nyundo ndogo au mwiko kwa mpini, acha uzito wake uuvute mkono ulale nje taratibu. Usipobana kisugudi utageuza bega ukadhani umegeuza mkono. Nimewaona wengi.

#10 Sauti ya Kijiwe
Nimejaribu ya ngumi, kweli bwana! Ndiyo maana askari wakitaka kumnyang'anya mtu kisu wanamkunja kifundo.

#11 Mzee wa Kitabu
Kuvunjika huku kuna jina la mtu. Daktari wa Ireland, Abraham Colles, alikuandika mwaka 1914, na alisema wazi kwamba mkono hurudi wenyewe. Kwa hiyo fundi usihangaike na nyundo.

#12 Kitabu Wazi
Mzee, ni 1814. Mwaka 1914 X-ray ilishakuwepo, Röntgen aliigundua 1895. Sifa ya Colles ni kwamba alikueleza kuvunjika huku bila picha yoyote, kwa kutazama na kupapasa. Na hakusema kirahisi hivyo. Alisema faraja iliyopo ni kwamba mkono utarudia uhuru wake wote "wakati fulani wa mbali", ila ule upindaji utabaki maisha yote.

#13 Bodaboda 77
"Wakati fulani wa mbali" ndiyo lini? Hiyo ni lugha ya mdaiwa.

#14 Mzee wa Kitabu
Nimekosea karne, naomba radhi. Hoja ya kwamba unarudi imebaki palepale.

#15 Bin Kombo (Muscat)
Asalaam alaykum. Mimi nilivunjika huku Omani miaka mitatu nyuma, nikatiwa bamba la chuma na skrubu. Wiki ya pili nshaanza mazoezi, wiki ya sita natawadha mwenyewe. Tatizo la fundi ni kufungwa plasta wakati alistahiki chuma. Huko nyumbani watu wanafungwa plasta kwa kila kitu.

#16 Kitabu Wazi
Shekhe, chuma kinakuwahisha mwanzoni, hilo kweli. Lakini mwisho wa safari tofauti si kubwa hivyo. Uingereza walitoa utafiti mwaka 2022 wa watu 500 ambao mfupa ulisogea ukarudishwa kwa kuvutwa. Nusu wakashikizwa kwa vipini vya chuma, nusu wakafungwa plasta iliyofinyangwa vizuri. Baada ya mwaka mikono ilikuwa inafanya kazi sawasawa. Angalizo lake ni kwamba kwenye kundi la plasta kama mmoja kati ya wanane mfupa uliteleza tena ikabidi apasuliwe. Ndiyo maana picha ya marudio ya wiki ya kwanza na ya pili ina umuhimu.

#17 Bin Kombo (Muscat)
Wewe umezungumza vipini, mimi nimezungumza bamba. Si kitu kimoja.

#18 Kitabu Wazi
Kweli. Bamba na vipini walivipambanisha kabla, matokeo yakatoka 2014, na baada ya miezi 12 hapakuwa na mshindi. Ila wewe umepona, sina ugomvi na mkono wako.

#19 Mrembo wa Tanga
Mnaongea vyuma, mimi bibi yangu alivunjika akapelekwa kwa mzee anayeunga mifupa, akafungwa vijiti na dawa, kila baada ya siku mbili anachuliwa kwa mafuta. Hakuwahi kulalamika ganzi wala kuvimba.

#20 Nesi wa Zamani
Mrembo, kuna wazee wanaojua, sibishi, hasa mfupa ukiwa haujasogea. Ila niliowapokea mimi ni wale vijiti vilivyokazwa mpaka vidole vikawa baridi na vyeusi. Iwe vijiti iwe hogo, vidole vikivimba, vikifa ganzi, maumivu yakizidi badala ya kupungua, hilo halisubiri asubuhi. Linafunguliwa usiku huohuo.

#21 Jirani Mwema
Fundi, ulipoanguka ni kwenye ngazi za mwenye nyumba? Kodi ulikuwa umelipa? Maana hapo pengine si mfupa, ni mkono wa mtu.

#22 Fundi_Sindano
Teh teh, nilikuwa nadaiwa mwezi mmoja tu jamani.

Nimesoma yote, Mungu awabariki. Nimeongea na daktari mwingine kwa simu, yeye anasema huenda ni "Sudeck". Nimetafuta nikaogopa. Kuna anayeijua?

#23 Mgonjwa Mwenzio
Naijua kwa jina na kwa sura. Dada yangu aliipata. Mkono ulikuwa unaungua kama umepakwa pilipili, shuka likiugusa usiku analia. Asubuhi mwekundu na wa moto, jioni wa bluu na baridi. Ngozi iling'aa kama imepakwa mafuta, kiganja kimoja kinatoka jasho kingine kikavu, mpaka vinyweleo vikaota tofauti na mkono wa pili. Ilikaa mwaka na miezi. Jina linatokana na daktari mmoja wa Uswisi.

#24 Kitabu Wazi
Mjerumani, Paul Sudeck wa Hamburg, aliandika mwaka 1900. Siku hizi madaktari wana jina refu, complex regional pain syndrome, wanalifupisha kwa herufi nne, CRPS. Waholanzi walikuja na hoja ya vitamini C, miligramu 500 kila siku kwa siku 50 tangu kuvunjika, wakasema inapunguza ugonjwa huu. Wengine Scotland wakarudia, 2014 wakasema hawaoni tofauti. Mpaka leo wanavutana.

#25 Tiba_Viungo
Fundi, usijibandike Sudeck kwa sababu ya kuvimba jioni. Kuvimba jioni na kukakamaa asubuhi wiki ya nane ni kawaida kabisa. Jiulize, shati likigusa mkono unaruka? Rangi inabadilika? Jasho upande mmoja? Kama ni ndiyo, nenda wiki hii, kwa sababu ikiwahiwa ni tofauti na ikichelewa. Na dawa yake kubwa bado ni kuutumia mkono kidogo kidogo, si kuuficha.

#26 Fundi_Sindano
Shati halinisumbui. Rangi ni ileile. Ila nisiseme uongo, vidole vitatu, dole gumba, shahada na cha kati, vinakufa ganzi usiku, naamka navikung'uta.

#27 Nesi wa Zamani
Hilo ungelisema #1, fundi! Vidole hivyo vitatu na nusu ya cha pete ni mali ya mshipa mmoja wa fahamu unaopita kwenye mlango mwembamba hapo kifundoni. Mfupa ukivunjika, mlango unabanwa na uvimbe. Wengi unaachia wenyewe. Usipoachia, au nyama ya chini ya dole gumba ikianza kubonyea, anayetakiwa kukuona ni daktari wa mifupa, mazoezi peke yake hayatoshi.

#28 Daktari wa Mitaa
Wote mmekosa. Kuna kifupa kidogo chini ya dole gumba, umbo la mashua, kinavunjika watu wanadhani ni kuteguka. Damu yake inaingilia upande wa mbali, kwa hiyo kikikatika katikati kipande cha nyuma kinakufa kwa njaa. Picha ya kwanza mara nyingi haikioni, ndiyo maana mtu hurudishwa baada ya siku kumi hadi kumi na nne. Abonyeze kile kishimo anachokipata akinyanyua dole gumba, kama kinauma sana basi ndiyo hicho.

#29 Tiba_Viungo
Hoja nzuri, ingawa yeye alivunjika mfupa mkubwa na ukaonekana. Vyote viwili vinaweza kutokea pamoja, lakini si jambo la kuanza nalo. Na kwa kuwa umetaja kunyanyua dole gumba, hebu fundi laza mkono mezani, kiganja chini, dole gumba pekee ulinyanyue kuelekea darini. Linanyanyuka?

#30 Fundi_Sindano
Linanyanyuka. Taratibu lakini linanyanyuka.

#31 Konda Mstaafu
Wakuu, mimi ni msomaji wa kimya, leo nimelazimika kuingia. Nilipata ufa kifundoni miezi miwili na nusu nyuma, hata haukusogea, wakanifunga wiki tano nikapona vizuri. Wiki iliyopita nilikuwa nafungua kifuniko cha chupa, dole gumba likalegea tu. Hakuna maumivu. Nimejaribu hicho cha #29, mkono mzima limenyanyuka, huu halinyanyuki kabisa. Nimerudia mara kumi. Mke wangu ananiangalia.

#32 Tiba_Viungo
Kaka, acha kurudia. Kano inayonyanyua dole gumba inapita nyuma ya kifundo ikikata kona kwenye kinundu cha mfupa, kama kamba kwenye kapi. Kwenye ufa usiosogea ndipo inapenda kusagika, ikakatika wiki kadhaa baadaye bila kelele. Haiungi yenyewe na mazoezi hayaisaidii. Ila ina dawa. Kidole cha shahada kimepewa kano mbili za kunyanyua, daktari wa upasuaji anaazima moja anaihamishia kwenye dole gumba. Nenda kesho, ueleze hivyohivyo ulivyoandika.

#33 Konda Mstaafu
Kano mbili kidole kimoja? Mungu fundi. Naenda.

#34 Bibi wa Nazi
Wajukuu, mmesahau chakula. Miaka 53, mwanamke, kaanguka kutoka kimo chake tu mfupa ukavunjika. Huyo mifupa imeanza kuwa myepesi. Hedhi ikikoma mifupa inapungua, mimi mwenyewe nilivunjika 58, nikapuuza, 66 nikavunjika nyonga. Dagaa, maziwa, jua, na akapimwe mifupa. Kuhusu mkono, wangu uliniruhusu kukuna nazi baada ya miezi saba. Kusonga ugali wa watu sita, mwaka na zaidi. Kukamua blanketi, mpaka leo namwita mtu.

#35 Bodaboda 77
Bibi shikamoo. Nasalimu amri, labda mimi nilibahatika tu. Ingawa nikisema ukweli, baridi ikipiga alfajiri nikivuta klachi kifundo kinanikumbusha.

#36 Sauti ya Kijiwe
Kumbe! "Wiki ya saba nipo barabarani kama kawaida."

#37 Mwana wa Pwani
Narudi kwenye kiwiko. Nimemuuliza mwalimu wangu wa zamani, kasema vitabuni kiwiko kinabeba maana zote mbili.

#38 Mkenya Halisi
Huku kwetu kiwiko ni hii ya kupigia mtu kwenye matatu ikijaa. Ya saa ni kifundo. Uzi ufungwe.

#39 Fundi_Sindano
Narejea baada ya wiki sita. Nilikwenda kwa tiba ya viungo, mara mbili kwa wiki, nauli ikanishinda, nikawa naenda mara moja na mengine nyumbani na mwiko. Picha mpya inaonyesha mfupa umeunga umeinama kidogo kwa nyuma. Mtaalamu wangu anasema ndiyo sababu kiganja hakimalizi kugeuka. Daktari anasema hapana, ni ile ngozi ya ndani ya ungio iliyosinyaa. Ganzi imepungua, haijaisha. Kwenye ngumi sasa panapita kidole kimoja kwa shida. Mkasi mkubwa nafungua kwa mkono uleule, nakata kitambaa cha pamba, dengrizi bado namwachia kijana.

Na jana konda kanipa sarafu tatu za mia mbili. Mbili zilikaa. Ya tatu ikateremka.

#40 Nesi wa Zamani
Hongera! Miezi sita ya kwanza ndiyo yenye mwendo, ila mkono huendelea kufunguka mpaka mwaka, wengine miwili. Huyo daktari na mtaalamu wako wanaweza kuwa sahihi wote.

#41 Tiba_Viungo
Mimi niko na mtaalamu mwenzangu, ni mkao wa mfupa. Tutaona mwezi wa kumi na mbili. Kaka Konda yuko wapi?

#42 Konda Mstaafu
Nipo, naandika kwa mkono wa kushoto. Walinifanyia wiki tatu zilizopita. Wameniambia nikitaka dole gumba linyanyuke nifikirie kama nanyoosha shahada. Nikifikiria dole gumba halijibu.

#43 Mgeni_2
Habari wakuu. Sijasoma kurasa zote. Nimefunguliwa hogo leo asubuhi, daktari kasema nimepona, ila vidole havikunjiki. Ni kawaida?

#44 Kijiti
#7 na #9. Halafu laza mkono mezani unyanyue dole gumba, utuambie.